Mvuke wa sufuria: mashini kubwa zilizoanza kwa seringi, bati na vitambaa

Kila asubuhi, kambini na katika familia zilizowapokea waliokimbia vita, kifuniko cha sufuria kinacheza juu ya mbabula. Maji yanachemka, mvuke unatafuta njia ya kutoka, kifuniko kinapanda na kushuka. Mama anakisogeza kidogo ili ugali au maharage yasimwagike, kisha anaendelea na kazi yake. Nguvu hiyo hiyo inayosukuma kifuniko ndiyo iliyovuta gari la moshi kutoka Matadi, na ndiyo iliyosukuma meli za Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi.

Wengi wanaamini kwamba mashini ya mvuke ilitoka moja kwa moja katika viwanda vikubwa vya Ulaya, mikononi mwa watu wenye pesa na vyuma vingi. Historia inaonyesha njia nyingine. Kabla ya viwanda kulikuwa na vimashini vidogo vya kujaribia, vilivyotengenezwa kwa vitu vya jikoni na vya karakana ndogo. Baadhi ya waliovitengeneza hawakuwa na kitu. Mmoja wao alikuwa mkimbizi. Na hadi leo mtoto anaweza kutengeneza mashini ya mvuke inayofanya kazi kwa bomba dogo, mshumaa na beseni la maji, mradi ajue jambo moja la hatari ambalo limeshaua watu tangu zamani.

Mkimbizi na sufuria yake

Mtu wa kwanza anayejulikana kuandika juu ya chombo kinachozungushwa na mvuke ni Heron wa Alexandria, nchini Misri, karibu miaka 2,000 iliyopita. Alieleza mpira wa chuma wenye mirija miwili iliyopinda. Maji yalichemshwa chini yake, mvuke ukaingia ndani ya mpira na kutoka kwa nguvu kwenye mirija, na mpira ukazunguka. Ulikuwa kitu cha kushangaza watu, haukufanya kazi yoyote. Karne nyingi zilipita bila mtu kuufanya usage nafaka au kupandisha maji.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa Denis Papin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1647 karibu na mji wa Blois. Papin alikuwa Mprotestanti. Alikwenda kufanya kazi London, na mwaka 1679 aliwaonyesha wataalamu wa huko sufuria nzito ya chuma yenye kifuniko kilichokazwa kabisa. Ndani ya sufuria hiyo mvuke haukuweza kutoka, kwa hiyo maji yalipata joto kuliko maji ya kawaida yanayochemka, na hata mifupa ililainika. Hiyo ndiyo babu ya sufuria ya presha ya leo.

Watu wa Goma na Bukavu wanaweza kuelewa faida yake upesi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kule Banana au Matadi. Ndiyo maana maharage yanakawia kuiva na makala yanakwisha. Sufuria ya Papin ilishinda tatizo hilo.

Lakini sufuria iliyofungwa kabisa ni bomu. Papin alilijua hilo, akaweka juu yake tundu dogo lililozibwa na kizibo, na kizibo kikakandamizwa na ufito wenye uzito. Mvuke ukizidi nguvu, unainua uzito huo, unatoka, na sufuria haipasuki. Hiyo ndiyo vali ya usalama. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho mashini zote zilizofuata zingekuwa makaburi.

Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa aliwaondolea Waprotestanti haki ya kuabudu. Maelfu kwa maelfu walikimbia. Papin, aliyekuwa tayari nje ya nchi, hakuweza tena kurudi nyumbani. Alipata kazi ya kufundisha hesabu Marburg, Ujerumani, na akiwa huko, mwaka 1690, alieleza kimashini kidogo. Kilikuwa bomba jembamba lenye upana wa sentimita 6 hivi. Ndani yake kulikuwa na maji kidogo, na juu ya maji kipande cha kuziba kinachoweza kupanda na kushuka, kile mafundi wa pikipiki wanachokiita pistoni. Alipowasha moto chini, maji yakawa mvuke na pistoni ikapanda. Alipoondoa moto, mvuke ukapoa na kurudi kuwa maji, ndani ya bomba kukabaki utupu, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu.

Jambo hili linaonekana nyumbani. Weka maji ya moto kidogo ndani ya chupa ya plastiki, itikise, imwage, kisha funga kizibo mara moja. Chupa ikipoa, inajikunja yenyewe kama iliyobanwa na mkono. Mkono huo ni hewa. Kwenye usawa wa bahari hewa inasukuma kila sentimita mraba kwa uzito wa karibu kilo moja. Papin ndiye aliyeona kwamba uzito huo unaweza kufanyishwa kazi kwa kuchemsha maji na kuyapoza.

Hakufaidika nacho. Alirudi London akiwa mzee, akaomba msaada bila kupata wa kutosha, akafa maskini mwaka 1713. Kimashini chake kilibaki kwenye karatasi, lakini wazo lilikuwa limeshatoka.

Muuza vyuma na mgodi uliojaa maji

Mwaka 1712, karibu na mji wa Dudley nchini Uingereza, mashini kubwa ya kwanza ya namna hiyo ilianza kuvuta maji kutoka katika mgodi wa makaa ya mawe. Aliyeitengeneza, Thomas Newcomen, hakuwa profesa. Alikuwa muuza vyuma na zana katika mji mdogo wa Dartmouth, akisaidiana na mwenzake John Calley. Shida yao kubwa ilikuwa mvuke kuvuja pembeni mwa pistoni, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeweza kuchonga silinda kubwa iliyo duara sawasawa. Waliweka duara la ngozi juu ya pistoni na kumwagia maji juu yake ili yazibe nafasi.

Mashini ilifanya kazi, lakini ilikula makaa kupita kiasi. Mgodini haikuwa shida, maana makaa yalikuwa pale pale. Kwingine ilikuwa hasara.

Fundi wa Glasgow na seringi ya mganga

Aliyetatua shida hiyo hakuanza na mashini kubwa. Alianza na ya kuchezea.

James Watt, aliyezaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736, alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya kupimia. Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha kufanyia kazi ndani ya chuo. Katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, profesa mmoja wa chuo hicho alimletea mfano mdogo wa mashini ya Newcomen uliokuwa ukitumiwa kuwafundishia wanafunzi. Ulikuwa umepelekwa London kutengenezwa bila mafanikio. Silinda yake ilikuwa na upana wa inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Mfano huo upo hadi leo katika jumba la makumbusho la chuo hicho.

Watt aliutengeneza, ukafanya kazi, lakini ulipiga mara chache tu kisha ukasimama. Mvuke wote ulikuwa umekwisha. Fundi mwingine angesema ni kwa sababu ni mdogo, akaurudisha na kudai malipo yake. Watt alijiuliza mvuke unakwenda wapi.

Alipima. Aliona kwamba kila mara silinda inapomwagiwa maji baridi ili mvuke ugeuke maji, silinda yenyewe nayo inapoa. Mvuke unaofuata unakwisha kwa kuipasha moto silinda upya kabla ya kusukuma chochote. Ni kama mama anayepika maandazi na kumwaga maji baridi kwenye kikaango baada ya kila andazi. Makala mengi yanaungua, lakini kazi ni ndogo. Katika mashini kubwa hasara hiyo ilijificha. Katika mashini ndogo ilionekana wazi, maana silinda ndogo inapoa upesi zaidi.

Jibu lilimjia mwaka 1765, alipokuwa akitembea siku ya Jumapili katika uwanja wa Glasgow Green. Mvuke upelekwe kupoozwa katika chumba kingine, pembeni, na silinda iachwe iwe ya moto wakati wote.

Ili kuhakikisha, hakungoja tajiri wala kiwanda. Alichukua seringi kubwa ya shaba ambayo waganga waliitumia katika kusomea mwili wa binadamu, yenye upana usiofika sentimita 5. Hiyo ikawa silinda. Kwa bati alitengeneza chumba cha kupoozea. Akaunganisha, akaingiza mvuke, na pistoni ya seringi ikavuta uzito. Wazo lililobadilisha viwanda vya dunia lilipimwa kwa seringi na vipande vya bati.

Kutoka hapo hadi mashini kubwa ilichukua zaidi ya miaka 10. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1769, lakini silinda kubwa ziliendelea kuvuja. Alijaribu kuziba kwa kizibo, vitambaa vilivyolowekwa mafuta, karatasi, hata kofia kuukuu. Suluhisho lilitoka kwa John Wilkinson, mtengeneza mizinga, ambaye mwaka 1774 alipata njia ya kutoboa chuma kwa usawa. Mashini za Watt zilianza kazi migodini na viwandani mwaka 1776.

Kijana aliyeiacha mashini peke yake

Msaidizi wa Watt, William Murdoch, alitengeneza mwaka 1784 kigari kidogo cha mvuke chenye urefu usiofika nusu mita, katika mji wa Redruth. Inasimuliwa kwamba alikijaribu usiku njiani, kikamkimbia, kikitoa moto na sauti, na padri wa mji akadhani amekutana na shetani. Kigari hicho kipo Birmingham hadi sasa.

Watt mwenyewe hakupenda mvuke wa nguvu nyingi. Aliogopa kupasuka, na hofu yake haikuwa ya bure. Richard Trevithick, mtu wa eneo la migodi la Cornwall, alitengeneza mashini ndogo zenye nguvu kwa kuufungia mvuke ujikusanye. Mwaka 1803 moja ya mashini zake ilipasuka Greenwich, karibu na London, na kuua watu. Inaelezwa kwamba kijana aliyepewa kazi ya kuilinda alikuwa amekwenda kuvua samaki, na vali ya usalama ilikuwa haitoi mvuke. Baada ya hapo Trevithick aliweka vali mbili, pamoja na kizibo cha risasi kinachoyeyuka maji yakipungua.

Sababu ya hatari ni hii. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ikipewa njia, inatoka na kusukuma. Ikikosa njia, inaitafuta kwa kupasua chombo, na vipande vya chombo hicho vinaruka pamoja na maji ya moto. Kopo la maziwa ya unga lililozibwa na kuwekwa motoni linafanya kile kile kilichotokea Greenwich.

Mvuke unafika Kongo

Nchini Kongo mashini ya mvuke haikuja kama kitu cha kuchezea. Ilikuja vichwani mwa watu. Meli za mvuke za kwanza za mto Kongo, miaka ya 1880, hazikuweza kupita maporomoko ya maji kati ya Matadi na Kinshasa. Zilifunguliwa vipande vipande, na wapagazi wakavibeba kwa miguu kupita milima. Meli ya wamisionari iliyoitwa Peace ilibebwa hivyo, ikaungwa upya na kuingia majini mwaka 1884.

Ili kuondoa kazi ya upagazi, reli ya Matadi hadi Léopoldville ilijengwa kutoka 1890 hadi 1898. Hesabu rasmi ilitaja vifo vya Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Wengi wamesema tangu zamani kwamba waliokufa walikuwa zaidi. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Huku mashariki, reli ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, mahali panapoitwa leo Kalemie. Mwaka huo huo, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipitisha mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, katika milima ya Katanga. Sehemu ya njia zilivutwa na matrekta mawili ya mvuke. Matrekta hayo yalikuwa na kiu kuliko ng'ombe, na njia ilikuwa kavu. Wanawake wa vijiji ndio waliobeba maji vichwani ili matangi yajazwe.

Upande wa pili wa ziwa, Wajerumani walikuwa wameunga meli ya mvuke Graf von Goetzen huko Kigoma. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kusafirishwa ndani ya masanduku, ikaingia ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, lakini kwanza mafundi walizipaka mashini zake mafuta mazito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, mafuta hayo yalikuwa yamezilinda. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikaendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli.

Familia nyingi za Uvira na Fizi zinaijua Liemba kwa sababu nyingine. Mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliitumia kuwarudisha nyumbani zaidi ya Wakongomani 75,000, kutoka Kigoma hadi Uvira. Mwaka 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi. Meli iliyojengwa kwa ajili ya wakoloni ilikuja kuwa njia ya watu kurudi makwao.

Mashini ya bomba, mshumaa na beseni

Mwaka 1891 Thomas Piot aliomba hati nchini Uingereza kwa ajili ya kimashua kidogo cha mvuke. Hakina pistoni, hakina gurudumu, hakina vali. Kwa miaka mingi vimashua hivyo vilitengenezwa kwa bati na kuuzwa kwa bei ndogo, na India vinatengenezwa bado. Vinajulikana kwa sauti yao: puti, puti, puti.

Kukitengeneza kunahitaji bomba jembamba la shaba, unene wa milimita 3 hivi na urefu wa sentimita 30. Mafundi wa friji huwa na mabaki yake. Vijana wanaotengeneza magari kwa waya, makopo na soli za kandambili wanazo tayari zana zinazobaki.

Bomba lijazwe chumvi laini au mchanga mkavu ili lisibonyee, kisha lizungushwe mara mbili kwenye kalamu, katikati ya urefu wake. Ncha mbili zibaki ndefu. Baada ya hapo chumvi au mchanga vitolewe vyote na bomba lisafishwe kwa maji. Soli ya kandambili itobolewe matundu mawili. Ncha zipite humo kwenda chini, kisha zipindwe zielekee nyuma, zote mbili zikiwa ndani ya maji. Sehemu iliyozungushwa ibaki juu ya soli, na chini yake uwekwe mshumaa mfupi juu ya kifuniko cha bati ili soli isiungue.

Bomba lijazwe maji kabisa. Ncha zizibwe kwa vidole hadi zifike ndani ya beseni, ndipo mshumaa uwashwe. Baada ya muda mfupi maji yaliyo juu ya mwali yanageuka mvuke na kuyasukuma maji mengine yatoke nyuma. Mvuke unapofika sehemu baridi, unarudi kuwa maji, utupu unabaki, na maji ya beseni yanaingia kujaza nafasi. Kisha yanapata moto tena. Ni Papin na Watt ndani ya bomba moja.

Watoto wengi wanauliza swali zuri: ikiwa maji yanatoka na kuingia, kwa nini mashua hairudi nyuma? Jibu liko kwenye mshumaa. Ukiupulizia, unazimika. Ukivuta pumzi mbele yake kwa umbali ule ule, hauzimiki. Kinachopulizwa kinakwenda mbali kwa mstari mmoja, lakini kinachovutwa kinatoka pande zote. Maji yanayotoka yanasukuma kwa mstari, yanayoingia yanakuja kutoka kila upande, basi mashua inakwenda mbele.

Bomba hili halina mahali pa kufungia mvuke, maana ncha zote mbili ziko wazi. Ndiyo maana linafaa kwa watoto. Hata hivyo shaba inakuwa ya moto sana, na mtu mzima awe karibu tangu mshumaa unapowashwa hadi bomba lipoe. Katika hema, moto uwashwe nje.

Wazazi na walimu wanaweza kuwaambia watoto sheria iliyogharimu maisha ya watu tangu enzi za Trevithick: chombo chochote chenye maji kikiwa motoni, kiachiwe tundu. Asiwepo mtu wa kuziba kopo, bidoni au chupa na kuiweka juu ya mbabula, hata kwa kujaribu, hata kwa dakika moja. Anayetaka kuona nguvu ya mvuke, atumie bomba lililo wazi. Beseni la maji linatosha.